Kutahiri Watoto: Je, Mzazi Yuajua Alitendalo?

 

Waislamu wa pwani yetu wana mengi wanayobishana. Hubishana juu ya maulidi, juu ya talakini, juu ya kuandama kwa mwezi, na hata juu ya kunuti ya alfajiri. Lakini sijapata kuona watu wawili wakipandishiana sauti msikitini juu ya kumtahiri mtoto mwanamume. Hilo kila mtu yuakubali. Na kwa kuwa kila mtu yuakubali, hapana aulizaye. Na kwa kuwa hapana aulizaye, sisi walimu hatusomeshi. Hili nimelijua kwa kosa langu mwenyewe, nami naliandika hapa kwa kuwa sidhani kuwa ni mimi peke yangu niliyekosa.

Usiku mmoja mwaka uliopita, baada ya darasa, alinijia baba mmoja katika watu wa mtaani. Alikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye hajatahiriwa, naye akitaka kumtia tohara likizo ya Disemba pamoja na watoto wa ndugu zake, ili karamu iwe moja. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba mtoto wake wa kwanza alipotahiriwa, damu haikukatika siku tatu, hata akapelekwa hospitali akatiwa damu, na Mwenyezi Mungu akamwokoa. Nikamwuliza kama waliambiwa sababu. Akasema: "Daktari alitaka kumpima tena, lakini hatukurudi, Sheikh. Nyumbani walisema ni jicho, kwani siku ile watu walikuwa wengi na mtoto alikuwa amependeza. Hata mjomba wake, ndugu wa mama yake, alikufa kwa kutahiriwa alipokuwa mdogo, nayo ilikuwa husuda." Kisha akaniuliza: je, amrudie ngariba yule yule, au atafute mwingine mwenye mkono mwepesi?

Nami nikamjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyechoka na taa za msikiti zimeanza kuzimwa. Nikamwambia kuwa tohara ni wajibu, na atawakali kwa Mungu, atoe sadaka, amsomee mtoto Muawwidhatayni, kisha ampeleke. Akanishukuru akaenda zake.

Usiku ule sikulala vyema. Kila nikifumba macho nalimwona yule mjomba ambaye sikumjua. Nikaondoka nikateremsha Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu nilichokisoma mbele ya walimu wangu tangu nikiwa kijana, na ambacho Mashafii wa pwani hii wamekisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi. Nikaitafuta mas-ala ya kutahiri.

Sasa, ndugu msomaji, nataka utazame mahali mas-ala hiyo ilipo. Mtu angedhani ataikuta katika mlango wa tahara, karibu na udhu na josho. Haiko huko. Iko katika kitabu kiitwacho Siyal, yaani mlango wa mtu kumshambulia mwenziwe, na dhamana ya wenye mamlaka kwa madhara wayatendayo kwa wale walio chini yao. Humo ndimo Imam alimoiweka. Kwa maneno mengine, wanazuoni wetu walipotaka kusema juu ya tohara, walianza kwa kukiri kwamba ni jeraha, na jeraha lina mwenye kuulizwa. Nimepita juu ya mlango ule mara nyingi nikisomesha, wala sikupata kujiuliza kwa nini.

Na yaliyomo humo ni machache, lakini yatosha. Asema Imam kwamba kutahiri huwajibika mtu akibaleghe, na kabla ya hapo ni jambo lipendezalo kulifanya mapema, siku ya saba. Mtoto akiwa dhaifu hawezi kulistahimili, litaahirishwa. Mwenye kumtahiri mtoto katika umri ambao hawezi kustahimili, na mtoto akafa, hulipizwa kisasi, isipokuwa akiwa ni mzazi. Na mashekhe waliokisherehesha kitabu wakaeleza kwamba mzazi, ingawa hauawi kwa ajili ya mwanawe, hutozwa diya. Mwisho, ujira wa kutahiri hutolewa katika mali ya mtoto mwenyewe aliyetahiriwa, ikiwa anayo.

Litaahirishwa! Neno moja tu, nami nilikuwa nalijua tangu ujanani, na yule baba alipokuwa mbele yangu akinieleza damu ya siku tatu na mjomba aliyekufa, halikunijia. Lilinijia neno la ada, na ulimi wangu ukaliita sharia.

Ningeweza kuishia hapa na kusema: waulizeni wanavyuoni. Lakini wanavyuoni nao ndio hao waliojibu upesi. Afadhali turudi kwenye shina la jambo, tuulize lile ambalo sisi hatuliulizi, nalo ni hili: mzazi ana haki gani ya kumkata mwanawe ambaye hana ulimi wa kukubali wala wa kukataa?

Wenzetu wa mbali wameliuliza. Katika mwaka 2010, katika mji wa Cologne, Ujerumani, daktari alimtahiri mtoto wa miaka minne wa wazazi Waislamu kwa ombi lao. Baada ya siku kidogo mtoto akatoka damu, akapelekwa hospitali, na jambo likafika kwa waendesha mashtaka. Mwezi wa Mei, 2012, mahakama ya mji ule ikasema kwamba kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini tu ni kumjeruhi, na kwamba wazazi wangeweza kungoja mpaka mtoto akue ajichagulie mwenyewe. Ila daktari aliachiliwa, kwa kuwa sharia ya nchi haikuwa wazi. Waislamu na Mayahudi wakalalamika pamoja, jambo ambalo halionekani kila siku, na mwezi wa Disemba mwaka ule ule Bunge la Ujerumani likapitisha sharia ya kuwaruhusu wazazi, kwa masharti kwamba kazi ifanywe kwa kanuni za utabibu, na kwamba maslaha ya mtoto yasihatarishwe.

Khabari ile ilipofika kwetu, watu walisema kwamba hiyo ni chuki kwa Uislamu, wakanyamaza. Labda chuki ilikuwako kwa baadhi ya watu. Lakini swali la mahakimu wale halikuwa la kipumbavu, na swali la haki halikataliwi kwa kuwa limeulizwa na asiyekuwa wetu. Tulijibu.

Mtu atasema kuwa mzazi humfanyia mtoto mambo mengi bila ya kumwuliza. Humpa jina, humfunza lugha, humchanja chanjo akalia, humpeleka chuoni asipotaka. Kweli. Na kungoja nako si kukaa bure bila ya kutenda, kwani kijana wa miaka 20 akitahiriwa kazi ni kubwa kuliko ya mtoto mchanga, na muda wote huo baba atakuwa amemwachia mzigo uliokuwa wake yeye kuubeba. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi peke yake. Ikiwa mzazi yuaruhusiwa kila kitu kwa sababu yuaruhusiwa mambo mengi, basi hapana kitu kitakachozuiliwa. Aliyemchanja mwanawe uso kwa wembe, aliyemng'oa meno ya mbele, aliyemkata binti yake, wote watasimama nyuma ya hoja hiyo hiyo na kusema: mimi ni mzazi, na nia yangu ni njema.

Kwa hiyo twahitaji mizani. Nayo tunayo. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu 1958 hata alipofariki mwaka 1963, alipoulizwa juu ya tohara aliitoa mizani hii katika usuli wa sharia: kwamba kumtia maumivu aliye hai hakujuzu, ila kwa maslaha yanayomrudia yeye mwenyewe, na yanayozidi maumivu hayo. Tazama masharti yake. Maslaha yawepo kweli, si ya kudhaniwa. Yamrudie yeye aliyeumizwa, si baba yake wala ukoo wake. Na yawe makubwa kuliko uchungu. Na sasa neno la Minhaji juu ya ujira linafahamika zaidi. Kwa nini ujira utolewe katika mali ya mtoto? Kwa kuwa kazi ni ya maslaha yake. Lau ingekuwa ni kwa ajili ya fahari ya baba, ingekuwa ni dhulma kumlipisha mtoto hata senti moja.

Tupime basi kwa mtoto mwanamume. Kutahiriwa kwake ni katika mambo ya maumbile ambayo Mtume (S.A.W.) ameyataja, na ni mila ya Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye katika hadithi iliyo sahihi amepokewa kuwa alijitahiri akiwa mzee wa miaka 80. Ni alama ya umma na ni msaada wa usafi kwa mwenye kusali. Hayo ndiyo yetu, nayo yatutosha. Matabibu nao wameona yao: majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kisumu kwetu na Rakai nchini Uganda, ambayo majibu yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kuwa mwanamume aliyetahiriwa hatari yake ya kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke hupungua kiasi cha asilimia 60, na kwa ajili hiyo Shirika la Afya la Ulimwengu likaishauri tohara katika nchi zenye maradhi hayo kwa wingi mwaka 2007. Nasema haya kwa kuwa ni kweli, wala sisemi kwamba ndiyo sababu yetu. Kijana anayedhani kwamba tohara ni ngao ya zinaa, huyo hakufahamu tohara wala asilimia.

Basi tohara ya mwanamume yapita katika mizani. Lakini angalia, hupita ikiwa imefanywa ipasavyo, kwa mtoto awezaye, na mtu ajuaye. Mizani haimpimi mwanadamu kwa jina la kitendo, humpima kwa kitendo chenyewe. Wembe mmoja uliozunguka kwa watoto watano siku ya karamu si sunna, hata ukisomewa. Jivu lililopakwa juu ya kidonda likaleta pepopunda si sunna. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujitia utabibu hali hakujulikana kuwa ni tabibu, basi yeye ni mdhamini wa alichokiharibu. Hakusema: isipokuwa akiwa na nia njema, wala isipokuwa akiwa ni mzee anayeheshimiwa.

Sisemi kwamba ngariba wote ni wajinga. Wako waliokuwa na mikono ambayo daktari kijana angeitamani. Na elimu hii hatukuikopa kwa Wazungu: Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha Tasrifu namna ya kuwatahiri watoto, akachagua mkasi na kufunga kwa uzi, akaeleza hatari za kila chombo, na hata namna ya kumtuliza mtoto na kumfichia mkasi asifazaike. Miaka elfu iliyopita Mwislamu aliona kuwa woga wa mtoto ni jambo la kuandikwa kitabuni. Na sisi leo, mtoto akilia, mjomba wake humcheka mbele ya watu akamwita mwanamke.

Hapa nina neno moja la pembeni. Kumfichia mtoto mkasi si sawa na kumdanganya. Baba amwambiaye mtoto wa miaka saba kuwa "twaenda kununua peremende", akamfikisha kwa ngariba, na akumbuke yule bibi aliyemwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini, aliposema tende, akamwambia kwamba lau asingempa angeandikiwa uwongo. Mtoto aliyefikia kufahamu aelezwe kwa maneno ya umri wake: ni nini, kwa nini, kutauma kiasi gani, na baba atakuwapo. Nimewaona watu wazima ambao hawajasahau peremende ile.

Sasa tufike kwenye binti, maana hapo ndipo wengi hujikwaa, na wengine wangependa ninyamaze. Baadhi ya watu wa miji yetu watasema kuwa hilo si letu, ni la jirani zetu wa kaskazini. Lakini sisi tumeoana na jirani zetu, na watoto wa ndoa hizo ni watoto wetu. Kwa hesabu ya serikali ya mwaka 2022, katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 15 wamekatwa, ilhali mwaka 1998 walikuwa 38. Yamepungua sana. Lakini katika kaunti za kaskazini mashariki, ambako watu ni Waislamu, karibu wote wamekatwa. Basi hatuwezi kusema kwamba Uislamu hauhusiki. Wenye kufanya wauhusisha wao wenyewe. Ukataji mdogo wauita "sunna", na ule mkubwa, wa kukata na kushona, wauita wa Firauni. Ajabu ya mwanadamu: ajua kuwa ni wa Firauni, na bado amfanyia binti yake.

Nami sitamficha msomaji. Katika hiyo hiyo Minhaji, Imam Nawawi ametaja kuwa tohara ni wajibu kwa mwanamume na mwanamke, na wajibu kwa mwanamke ni kukata sehemu ndogo. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu yetu. Mwenye kuwaambia watu kwamba hapana mwanachuoni aliyepata kusema hivyo, hasemi kweli, na siku watakapofungua kitabu wataacha kumwamini katika mengine. Lakini madhehebu nyingine hazikusema hivyo; Mahanafi na Mamaliki hawakuifanya kuwa ni wajibu. Na dalili kubwa ya mashekhe wetu ni amri ya kufuata mila ya Ibrahim, naye ni mwanamume aliyejitahiri mwenyewe. Ama hadithi za kutahiri wanawake, ile ya Ummu Atiyya Abu Dawud aliyeipokea mwenyewe ameitaja kuwa ni dhaifu, na ile isemayo kuwa ni sunna kwa wanaume na karama kwa wanawake wataalamu wa hadithi wameidhoofisha. Na ile iliyo sahihi, ya kukutana kwa tohara mbili, yaeleza lini josho huwajibika, haiamrishi mtu kukatwa. Wala haikuthubutu kwa sanadi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru binti zake watahiriwe. Sheikh Rashid Rida aliyaeleza haya katika Al-Manar tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na mwaka 2007 baraza la utafiti la Al-Azhar likatamka kwamba tendo hili halina asili katika sharia, na kwamba lina madhara.

Mtu akisema: nani wewe wa kumkhalifu Nawawi? Najibu: mimi si mtu, na Imam ni bahari. Lakini Imam alihukumu kwa alichokijua juu ya mwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufunza kuwa asiyestahimili aahirishwe na mwenye kudhuru adhamini. Leo twajua kwa yakini aliyoyapata mwanamke aliyekatwa: damu, maradhi, mkojo uchomao, uzazi mgumu, na ndoa iliyoingia uchungu usiku wa kwanza. Twajua pia kwamba Morocco, Algeria na Tunisia, nchi za Waislamu tangu karne ya kwanza, hawaifanyi, na kwamba Misri ilifanywa na Waislamu na Wakristo wa Kikopti pamoja. Jambo linalofanywa na wasiokuwa Waislamu na kuachwa na Waislamu, lina hoja gani ya kuitwa alama ya Uislamu? Iweke katika mizani: maslaha yapi yanamrudia binti? Wakisema humhifadhi usafi wake, basi wamesema kwamba Mwenyezi Mungu alimwumba na ila inayohitaji kurekebishwa kwa wembe, na kwamba malezi hayafai kitu. Haipiti. Na sharia ya nchi yetu ya mwaka 2011 yamfunga mwenye kuikata si chini ya miaka mitatu au humtoza faini isiyopungua shilingi 200,000, na binti akifa, ni kifungo cha maisha. Na aliyejua akanyamaza naye ana lake. Lakini haya nayataja mwisho makusudi. Mtu anayeliacha kwa kuogopa polisi tu, atavuka mpaka.

Yapo basi matendo mawili, na wazazi wengi huyaita kwa jina moja. Moja ni sunna, na watu huifanya kwa ujinga. Jingine halikuthubutu, na watu hulifanya kwa jina la sunna. Na katika yote mawili ukimwuliza mzazi kwa nini, hujibu kuwa ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Jibu hili Qurani imelitaja mara nyingi, na kila mara limetajwa kuwa ni la watu wanaolaumiwa. Mwenyezi Mungu pia ametukataza, katika Suratul Israi, kufuata tusilokuwa na elimu nalo, akatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Je, ujinga ni udhuru? Wanazuoni husema kwamba ujinga humwokoa aliyesilimu jana, au aliyekulia jangwani mbali na wanavyuoni. Baba wa Mombasa, au Malindi, au Lamu, ambaye hospitali iko mwendo wa miguu na msikiti uko mbele ya mlango wake, ambaye kabla ya kununua pikipiki huwauliza mafundi watatu, huyo siwezi kumwona kuwa ni bedui wa jangwani. Na kinachomzuia kuuliza si umbali. Ni haya. Yule baba wa mwanzo aliniambia baadaye kwamba aliona vibaya kwenda kwa wakwe zake kuwauliza kwa uhakika mjomba yule alikufaje, kwani wangesema: amekuja kutafuta ila katika ukoo wetu. Na mkewe alijua zaidi, lakini hapana aliyemwuliza, kwa sababu tohara ya mwanamume ni mambo ya wanaume. Haya hii si ile iliyo sehemu ya imani.

Na jambo lenyewe la kujua si kubwa. Mtoto atazamwe kabla ya kukatwa, na mtu ajuaye, kwa kuwa wako watoto wanaozaliwa tundu la mkojo haliko mahali pake, liko chini. Mtoto kama huyo asitahiriwe kabisa, kwani ngozi ile ile ndiyo daktari atakayoihitaji kumtengenezea njia yake. Wazee wetu wakisema mtoto huyo "ametahiriwa na malaika", na huenda baba akafurahi na kwenda kumkamilishia. Aulizwe mama, naam, mama, kama upande wake kuna mwanamume aliyetoka damu bila ya kukatika, kwani yako maradhi ya damu isiyoganda ambayo mama huyapokeza kwa wanawe naye mwenyewe akiwa mzima. Mtoto mwenye homa au manjano angojwe. Chombo kiwe chake peke yake, na ganzi itiwe, kwani hapana thawabu katika maumivu yanayoweza kuondolewa. Ama kungojea mpaka fedha ya pilau ipatikane, mtoto akafika miaka 11 akiona haya kuoga na wenzake, hilo si kuahirisha kwa Minhaji.

Asubuhi ile, baada ya kufunga kitabu, nalikwenda kumtafuta yule baba kabla hajafungua duka lake. Nikamwambia: "Ndugu yangu, jana nilikujibu vibaya. Usimpeleke mtoto. Mpeleke kwanza akapimwe damu, na mama yake aende nawe." Aliniangalia kwa muda, akaniuliza kama sasa tohara si wajibu tena. Nikamfungulia Minhaji mle dukani, juu ya gunia la mchele, nikamsomea.

Walikwenda. Ikaonekana kuwa mtoto ana maradhi hayo, na yule mkubwa anayo pia, naye alikuwa akicheza mpira kila jioni bila ya mtu kujua. Daktari akawaambia kuwa tohara yawezekana siku moja hospitalini, pamoja na dawa ya kugandisha damu, lakini haina haraka. Baba akarudi kwangu, na shida yake sasa ilikuwa nyingine: mamake mzazi hakubali, asema mjukuu wake hatasaliwa akifa bila ya tohara. Akaniomba nimwandikie karatasi. Nikaandika neno la Imam kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili, kwamba mtoto huyu yuaahirishwa kwa sharia, na kwamba sala yake ni sahihi na akifa atasaliwa, nikatia sahihi yangu na tarehe.

Karatasi hiyo bibi ameiweka ndani ya msahafu wake. Mtoto hajatahiriwa mpaka leo. Huja alfajiri na baba yake, na husimama safu ya mwisho pamoja na watoto wenziwe.